Mswala wa Khadra

Khadra alivua viatu mlangoni kwa daktari kana kwamba anaingia msikitini. Daktari akamwambia avivae, sakafu imepigwa deki sasa hivi na bado ina maji.

"Keti, mwalimu. Majibu ya damu yamerudi."

Ilikuwa mwisho wa Shaabani, Ramadhani iko mlangoni, joto la Garissa limekaa juu ya mabati na halitaki kuondoka. Khadra alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya wasichana mjini, mke wa Abdiqani kwa miaka sita, na hakuwa amepata mtoto. Mwaka huo hedhi yake ilianza kuruka miezi, kisha ikakatika kabisa. Alipimwa mimba, hakuna. Ndipo Daktari Gacheri akachukua damu, akampiga picha ya tumbo, akamwambia arudi. Gacheri alikuwa Mmeru aliyekaa Garissa mpaka akazoea chai ya maziwa ya ngamia, na hakuwa mtu wa kuzunguka maneno.

"Mayai yako yanakwisha," alisema. "Yanakwisha kabla ya wakati wake."

Khadra aliitazama karatasi iliyokuwa mezani, hakuigusa. "Miaka yote nawafundisha wasichana kwamba kila mwezi yai moja linapevuka. Kitabu kinasema moja."

"Kitabu hakidanganyi. Ila hakisemi mengine yanakwenda wapi." Daktari alisogeza kiti. "Yai halikai peke yake. Linakaa ndani ya kifuko kidogo, na kifuko kina seli zinazolizunguka na kulilea. Seli hizo kazi yao ni kusikiliza. Ubongo unatuma homoni kwenye damu, inafika, inagonga. Seli ikiipokea inapeleka habari ndani, huyu anampa huyu, mpaka kwenye kiini. Habari yenyewe ni fupi. Ishi, lilishe yai."

"Na isipofika?"

"Ndani ya kila seli kuna vimeng'enya vya kuikata seli yenyewe vipande vipande. Viko humo siku zote, vimefungwa kamba. Ile habari ya kuishi ndiyo inashikilia kamba. Ikikosa kufika, au ikija ile nyingine ya kusema kufa, kamba inalegea. Seli inajikunja, inajikata, jirani zake wanameza vipande. Hakuna usaha, hakuna homa. Mwenye mwili hajui kitu. Kifuko kimekwenda, na yai lake."

Khadra aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Kwa hivyo havifi kwa bahati mbaya. Vinaambiwa."

"Vinaambiwa vife. Au haviambiwi chochote. Kwa seli ni mamoja."

Nje mtu alikuwa akimfukuza mbuzi kwenye kivuli cha ukuta.

"Hii iko kwa kila mwanamke, hata mimi," Gacheri aliendelea. "Tunazaliwa na vifuko vingi sana na karibu vyote vinakufa hivyo, polepole, mpaka uzeeni. Kwako amri inatoka mbio kuliko umri wako. Kwa nini, sijui. Pengine askari wa mwili wako wamevigeukia. Pengine ni ya ukoo. Sitaki kukudanganya." Akageuza kioo cha mashine ili Khadra aone. "Ovari ya kulia sikuona kitu. Ya kushoto kuna viwili. Vidogo, lakini vipo."

Khadra aliviona. Vitone viwili vyeusi, kama tundu za sindano kwenye kitambaa cha kijivu.

"Nairobi kuna daktari mwenzangu. Anaweza kuvipa dawa vikue, ayatoe mayai, ayaunganishe na mbegu ya mume wako nje, kisha akurudishie. Siahidi. Vinaweza kukataa. Lakini ukienda, nenda mapema. Nimekuombea nafasi wiki ya mwisho ya Ramadhani. Baada ya hapo yeye anasafiri, na mimi sijui kama hivi viwili vitakuwa bado vinasikia."

Jioni ile Khadra alimpigia simu Abdiqani. Yeye alikuwa wakala wa malori ya mizigo kule Liboi mpakani, kazi ya kushinda juani na makaratasi na askari wa ukaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akamuuliza sheikh wake, naye akamwambia mke na mume waliomo katika ndoa yao, hakuna ubaya. Wakakubaliana. Wiki ile ya mwisho atatoka Liboi, wakutane Garissa, waende pamoja. Mama ataambiwa ni safari ya kazi, mpaka wajue linakwendaje.

Mama mwenyewe ndiye Arbia, mzazi wa Abdiqani na mjane wa mzee Keynan, na nyumba ilikuwa yake. Khadra aliishi pale na Arbia na Ruweyda, dada mdogo wa Abdiqani, msichana wa chuo mwenye ulimi usiopumzika. Nyumba ya wanawake watatu, mlango mmoja wa bati, mti mmoja wa mwarobaini na tangi la maji.

Arbia alikuwa na goti bovu, akiswali juu ya kiti cha plastiki. Kiti kiliwekwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa sebule ambapo upepo unapita. Kutoka pale aliona kila mswala uliotandikwa na kila ambao haukutandikwa. Hakuwa akipeleleza. Mwanamke akikaa nyuma ya wanawe miaka mingi anajua nani ameingia mwezini bila kumuuliza, maana mwenye hedhi haswali wala hafungi, na mswala wake unabaki umekunjwa juu ya kabati.

Ramadhani ikaingia. Siku za kwanza zikapita, kumi la kwanza likaisha. Ruweyda akaanza kujificha jikoni.

"Niko likizo," alimwambia Khadra, ameketi nyuma ya mlango na kikombe cha chai. Ndivyo wasichana wa pale wanavyoziita siku zao. "Na wewe likizo yako lini? Au umemhonga malaika?"

"Fanya kazi, wewe."

"Nafanya. Kutafuna ni kazi." Akachovya sambusa ya jana. "Lakini kweli, abaayo, dada yangu, hujakosa hata siku moja. Ukifika Idi bila deni la kufunga nitakuonea wivu mpaka niugue."

"Ruweyda," Arbia aliita kutoka uani. "Punguza sauti. Wanaume wanapita na saumu zao."

Khadra alicheka, akaendelea kukanda unga. Nje, Arbia aliacha kupepeta mchele.

Naye alikuwa ameona. Kila alfajiri, kila adhuhuri, kila tarawehe ya usiku, mswala wa Khadra, ule wa kijani wenye pindo lililochakaa, ulikuwa chini. Hakusema kitu. Kwa watu wa hapa mimba changa haitajwi. Jicho la hasidi lipo, na mdomo una uzito. Mama mkwe hamuulizi mke wa mwanawe jambo kama hilo. Anamwangalia tu, na akishaona, anamwekea maziwa ya kwanza.

Basi wakati wa kufuturu Khadra akajikuta anapewa maziwa ya ngamia kabla ya Arbia mwenyewe. Akachukua mtungi wa maji, ukanyang'anywa mkononi. Alipoinama kufagia, Ruweyda akaitwa aje afagie. "Mimi nimekosa nini?" Ruweyda akalalamika. Khadra akadhani ni upole wa Ramadhani, maana watu hulainika mwezi ule. Alishukuru na kunywa maziwa.

Na Arbia akampigia simu Awil kule Eldas.

Awil alikuwa ndugu mdogo wa marehemu Keynan, na ndiye aliyechunga ngamia waliobaki. Ukame wa juzi ulikuwa umewamaliza karibu wote. Katika uzao wa ngamia wa Keynan mwenyewe alibaki jike mmoja, Adey, aliyeitwa hivyo kwa weupe wake. Na katika ukoo ule kuna desturi kwamba mtoto akizaliwa, siku kitovu chake kinapofungwa, hutengewa ngamia jike. Huyo na watakaotoka kwake wote ni mali ya mtoto. Ni ngamia wa kitovu. Keynan alikuwa ameusia akiwa kitandani kwamba Adey ni wa mtoto wa kwanza wa Abdiqani, akiwa wa kiume au wa kike.

"Mtenge Adey," Arbia alisema.

Awil akacheka kwa upole. "Shemeji, ngamia wa kitovu hatengwi kabla ya kitovu. Mtoto hulia kwanza."

"Najua desturi yenu kuliko wewe. Nilizaa humo."

"Sasa kama unaijua?"

"Mimi ni mzee, Awil. Goti limekufa, na macho yanafuata. Mtenge, mfunge kamba nyekundu shingoni, watoto wasimkame. Nimwone wa mjukuu wangu nikiwa bado naona."

Awil akafanya alivyoambiwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemsikia Arbia akiomba kitu tangu Keynan azikwe.

Wiki ya mwisho ikafika. Khadra alikuwa chumbani anapanga nguo ndani ya begi, Arbia akasimama mlangoni ameshika fremu.

"Begi la wapi?"

"Nairobi, hooyo." Ndivyo alivyomwita, mama. "Abdiqani ana shughuli ya kazi, nitamsindikiza siku chache."

"Siku hizi za mwisho, watu wanatafuta usiku wa Lailatul Qadri, wewe unatafuta Nairobi?"

"Tutarudi kabla ya Idi."

Arbia akaingia, akaketi kitandani, akatoa nguo moja begini na kuikunja upya juu ya mapaja yake. "Khadra. Mimi si mtoto. Nimezaa saba, nimezika wanne. Mwanamke akifunga mwezi mzima asikatishe, najua ana nini. Barabara ile ina mashimo, na pale darajani kwa ukaguzi mnashushwa mnapanda, mnashushwa mnapanda. Mwenye hali yako hapandi basi."

Khadra alielewa papo hapo. Maziwa, mtungi, fagio, vyote vikaja kwa pamoja.

"Hooyo, si hivyo. Mimi sina..."

Mkono wa Arbia ukafika mdomoni mwake. Ulikuwa mkono mkavu unaonuka iliki. Haukumgandamiza. Uliwekwa tu, kama mtu anavyofunika chungu.

"Usilitaje. Mimi tumbo la kwanza nililitaja mapema, kwa furaha ya ujinga, nikalizika. Wewe nyamaza, mimi nitanyamaza, Mwenyezi Mungu ndiye atakayelisema." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nimeshamtenga Adey."

Khadra alisimama pale akivuta harufu ya iliki. Angeweza kuuondoa ule mkono. Ulikuwa mwepesi. Lakini ndani ya ile nafasi ndogo, na Mungu ni mwenye kusamehe, alitamani iwe kweli. Akajiuliza, kwani daktari ni nani? Mashine ni nini? Mangapi yamekuja baada ya watu kukata tamaa?

Mkono ukaondoka. Arbia akazitoa nguo moja moja, akazirudisha kabatini.

Khadra alimpigia Abdiqani akiwa nyuma ya tangi la maji.

"Mama yako anadhani nina mimba."

"Najua," alisema. "Alinipigia juzi. Hakusema neno lenyewe, alisema tu nikuletee tende nzuri, akaanza kulia. Khadra, sijamsikia akilia kwa furaha tangu baba afe."

"Ulimwambia nini?"

Lori lilikuwa linarudi nyuma karibu naye, mtu anapiga mluzi. "Nilimwambia nitaleta tende."

"Mwambie ukweli. Leo. Wewe ni mwanawe."

"Nimwambie kwa simu? Katika siku hizi? Tungoje Idi, nitakuja nimwambie uso kwa uso, atalia mara moja yaishe. Kisha twende zetu."

"Vile viwili havijui Idi, Abdiqani."

"Daktari alikuahidi?"

"Hakuahidi. Alisema mapema."

"Basi." Sauti yake ilishuka. "Na kama mama ndiye yuko sawa? Umepima tangu wakati ule?"

Hakuwa amepima. Kesho yake akitoka shule alipita mbele ya duka la dawa. Kipimo kilikuwa pale kwenye kioo, kitu chenyewe kidogo. Alikuwa amewahi kuwaeleza wasichana darasani namna ya kukisoma, mstari mmoja, mistari miwili, wao wakifichana nyuso kwa mitandio. Akapita. Akafika kwa muuza nguo, akageuka, akapita tena. Muuza dawa akamsalimia, naye akaitikia salamu akaenda nyumbani.

Siku ya miadi Daktari Gacheri alimpigia. "Mwenzangu anasema hamkufika."

"Tutakwenda baada ya Idi, daktari. Kuna mambo ya nyumbani."

Khadra alisikia pumzi upande wa pili, na chumba cha watu wanaongoja, na mtoto analia.

"Sawa, mwalimu," Gacheri alisema.

Idi ikaja. Abdiqani alishuka kwenye gari na tende na kitambaa cha Arbia na pafyumu ya Ruweyda. Mama yake akamshika kichwa kwa mikono miwili akamsomea dua, kisha akamgeukia Khadra akamsomea dua ndefu zaidi. Wageni waliingia na kutoka. Jirani mmoja akamkazia Khadra macho kiunoni, Arbia akajisogeza katikati yao akamjaza yule jirani sahani ya halua asipate nafasi ya kusema. Ruweyda naye alikuwa ameshaelewa, au alidhani ameelewa. Alimchora Khadra hina miguuni akiwa mpole isivyo kawaida yake.

"Leo sikuchokozi," alisema. "Nimeambiwa nisiseme, sisemi. Unaona nilivyo mzuri?"

"Umeambiwa na nani?"

"Na macho ya hooyo."

"Nitamwambia kesho," Abdiqani alisema walipobaki peke yao. Kesho yake wageni wakaja kutoka Wajir. Siku iliyofuata malori yake yakazuiwa Liboi kwa ukaguzi, akaitwa, akaondoka alfajiri. Mama yake alimsindikiza mpaka barabarani kwa goti lile. Abdiqani alikuwa na muda wote ule wa kutembea naye, na hakusema.

Halafu mvua. Zile mvua zilizovunja kila kitu. Watu waliokuwa wamelilia maji miaka mitatu wakayapata yote kwa pamoja. Mto Tana ukatoka kwenye kingo zake, ukalala juu ya barabara upande wa Madogo, mabasi ya Nairobi yakasimama. Watu wakawa wanavushwa kwa boti, mizigo kichwani. Daktari wa Nairobi alikuwa amesharudi na nafasi imepatikana. Abdiqani naye alikuwa amekwama Liboi, barabara ya kule ni tope tupu. Khadra alisimama na waliosimama, akiyatazama yale maji mekundu yaliyobeba miti mizima. Siku moja alichukua begi kweli, akafika mpaka kwenye boti. Arbia alikuwa amemfuata kwa bodaboda, na hakumkemea mbele za watu. Alimshika mkono tu akasema, "Maji haya hayajui wawili," na Khadra akarudi naye.

Mvua ilipokatika, barabara ikafunguliwa, na tumbo la Khadra lilikuwa vilevile. Arbia alianza kulitazama kwa wasiwasi.

"Limechelewa kutoka," alimwambia Ruweyda. "La kwanza huchelewa. Lakini kadi ya kliniki lazima. Nitampeleka mwenyewe. Kuna yule daktari mwanamke, Mmeru, wanasema mkono wake mzuri."

Khadra hakukataa. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, usiku anaamka amelowa jasho na mchana anasahau majina ya wanafunzi wake. Alitolewa damu kwanza, na walipoitwa ndani Gacheri alimtazama yeye, akamtazama mama, akauliza polepole, "Mwalimu, niseme mbele yake?"

"Sema, daktari. Sema yote."

Arbia alivuta kiti karibu na mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilimtosha. "Nionyeshe bicha. Mtoto amelala ubande gani?"

Gacheri alimpaka Khadra ile dawa baridi tumboni, akazungusha kidude, akatazama muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kulia. Kushoto. Akarudi kushoto. Khadra alikuwa anatafuta tundu mbili za sindano. Kitambaa kilikuwa cha kijivu chote.

"Mama," daktari alisema, "hakuna mtoto. Hakuwepo tangu mwanzo."

"Amefunga Ramadhani nzima."

"Amefunga kwa sababu damu imekatika. Damu imekatika kwa sababu mayai yamekwisha. Tulipima kabla ya Ramadhani, tumepima na leo asubuhi. Ile homoni ya kuyaita mayai iko juu sana, juu kuliko mara ya kwanza."

Arbia alilishika neno hilo. "Iko juu. Si ndiyo mzuri?"

"Hapana, mama. Ubongo unaita, hakuna anayeitika, unaita tena kwa sauti. Mtu akiitikiwa hapigi kelele."

Arbia alifikiri juu ya hilo. Alikuwa amekulia visimani. Aliwahi kusikia mwenye ngamia akiwaita wake kwa majina kiangazi kizima, baada ya wao kufa, na watu wazima wakimwacha aite.

"Vile viwili?" Khadra aliuliza.

"Sivioni tena."

"Kama tungekwenda ile wiki?"

Gacheri alifuta mikono yake. "Sijui. Nikisema mngepata nitakudanganya, nikisema msingepata nitakudanganya. Vingeweza kufa mkiwa njiani. Vingeweza kuitika. Sasa sitajua, na wewe hutajua. Kuna dawa nitakupa za mifupa na za hilo jasho, na utazinywa. Hilo ndilo nililonalo."

Alitoka akawaachia chumba. Arbia alibaki anakitazama kioo kilichozimwa.

"Ulijua tangu lini?"

"Shaabani."

"Na mimi nilikuwa nakuona unaswali kila siku."

"Nilikuwa naswali kweli, hooyo."

"Mbona hukusema?"

Khadra alikuwa anafunga vifungo vya buibui, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu. Arbia aliutazama mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, akaugeuza kiganja juu, akauficha ndani ya shuka.

Njiani Khadra alimpigia Abdiqani akamwambia kwa maneno machache. Abdiqani alisema, "Ningemwambia ile siku ananisindikiza," kisha hakuendelea, wala simu haikukatwa. Walikaa hivyo mpaka Khadra akafika nyumbani.

Kulikuwa na simu moja bado. Arbia aliipiga akiwa ameketi chini ya mwarobaini, sauti wazi kwa sababu ya masikio yake, Khadra akiwa karibu anaanika nguo.

"Shemeji," Awil aliitikia kwa furaha. Nyuma yake ngamia walikuwa wanalalama. "Mwambie mjukuu wako mali yake imenenepa. Majani ni mpaka magotini huku. Nadhani Adey naye amebeba, sijui, dume la jirani halina adabu. Huyo mtoto wenu atazaliwa tajiri, mimi nitamwomba kazi."

Arbia alifungua mdomo.

"Arbia? Unanisikia?"

Arbia akaufunga mdomo tena.

"Mtandao huu. Arbia? Haya, nimesikia kimya chako, unataka nimwongezee kamba ya pili isije ikakatika. Nitamwongezea."

Khadra aliweka shati la mwisho kwenye kamba. Akaja, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake, akaichukua simu kutoka kwenye vidole vyake. Alipoisogeza mdomoni aliona mkono wa Arbia ukiinuka kidogo kutoka kwenye paja. Ukasimama hewani, ukarudi chini.

"Adeer Awil, baba mdogo, ni Khadra," alisema. "Hakuna mtoto. Hakutakuwa na mtoto. Mtoe Adey ile kamba, mrudishe na wenzake."

"Inna lillahi," mzee akasema huko Eldas. "Nimekusikia, mwanangu. Nitaifungua mwenyewe."

Adhana ya alasiri iliwakuta hapohapo. Ruweyda, aliyekuwa amesikia yote akiwa jikoni, alikwenda kutandika miswala sebuleni. Alitandika mmoja tu, maana yeye alikuwa likizo, na kwa mara ya kwanza hakulitaja. Ulikuwa wa Khadra, ule wa kijani, akauweka mahali pake. Akashika kiti cha plastiki kukipeleka nyuma, karibu na mlango.

"Acha," Arbia alisema. "Kiweke mbele. Pale ukutani."

"Pale hakuna upepo, hooyo."

"Kiweke."

Ruweyda akakibeba mpaka ukutani. Arbia aliketi uso umekaribia chokaa ya ukuta, hamwoni mtu yeyote nyuma yake, akangoja mpaka aliposikia Khadra amesimama. Ndipo akaanza.